Ni Nini Kiuacho Samaki wa Mto Mara?

Mwezi Machi mwaka 2022, wakazi wa vijiji vilivyo karibu na daraja la Kirumi, mahali ambapo barabara kuu iendayo Tarime na Sirari huvuka Mto Mara, waliona maji ya mto yamegeuka kuwa meusi na yananuka, na samaki wengi wakielea wakiwa wamekufa. Kwa watu wanaokunywa maji ya mto, wanaonywesha mifugo yao humo na kupata kitoweo chao humo, hilo halikuwa jambo la kutazamwa tu kwa mshangao. Minong'ono ilianza mara moja. Katika eneo hilo kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, na kumbukumbu za mwaka 2009, wakati maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodini na kuingia katika kijito cha Tigithe, ambacho hutiririka hadi Mara, zilikuwa bado hai vichwani mwa watu. Haikuwa ajabu, basi, kwamba lawama zilielekezwa huko kwanza.

Kamati iliyoundwa na Serikali ilichunguza, ikatoa jibu jingine. Ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua mno majini, na kwamba chanzo chake kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo mingi iliyolishwa bondeni, pamoja na mimea iliyooza. Wapo waliolipokea jibu hilo, na wapo waliolicheka. Yawezekanaje kinyesi kiue mto mzima, hali ng'ombe wamekuwa wakinywa humo tangu enzi za mababu?

Makala haya hayakusudii kuamua shauri hilo. Lakini swali lenyewe ni swali la kisayansi, tena zuri, na bahati njema ni kwamba limekwisha kuchunguzwa kwa miaka mingi katika mto huohuo, upande wa juu, ndani ya hifadhi ya wanyama, mbali na mgodi na mbali na kiwanda. Je, kinyesi cha mnyama peke yake chaweza kuua samaki? Jibu lililopatikana huko ni kwamba chaweza, na kwamba jambo hilo hutokea mara kwa mara. Ila mnyama mwenyewe si ng'ombe.

Hewa iliyomo ndani ya maji

Mto Mara huanzia katika kinamasi cha Enapuiyapui, kwenye misitu ya Mau nchini Kenya. Vijito viwili, Nyangores na Amala, huteremka vikipita katika mashamba ya Bomet, kisha hukutana na kuufanya Mara wenyewe. Mto hupenya Hifadhi ya Maasai Mara, ukapokea maji ya Talek, ukavuka mpaka na kuingia kaskazini ya Serengeti. Halafu hutoka hifadhini, ukapita katika vijiji na malisho, ukatandaa ndani ya kinamasi kikubwa cha mafunjo, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, karibu na Musoma. Safari yote ni ya kilometa 395 hivi.

Samaki aliye katika mto huo huvuta pumzi kama sisi, ila fungu lake ni dogo sana. Lita moja ya hewa ina oksijeni iliyo mara thelathini hivi ya ile iliyomo katika lita moja ya maji safi. Maji yenye joto la nyuzi 20, katika usawa wa bahari, hushika miligramu 9 tu za oksijeni kwa kila lita. Yakipata joto la nyuzi 30 hushika kama 7 na nusu. Na katika nchi ya mwinuko kama bonde la Mara hushika pungufu ya hapo. Kiasi hicho kikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hawawezi kuishi kwa muda mrefu.

Na cha kukipunguza hakina haja ya kuwa sumu. Jani, mzoga, kinyesi, kitu chochote kilichokuwa hai kikiingia majini huliwa na bakteria, na bakteria nao huvuta oksijeni wakati wa kula. Chakula kikiwa kidogo, mto huirudisha oksijeni upesi kwa kupigapiga mawe na kuchanganyika na hewa. Chakula kikiwa kingi kwa wakati mmoja, bakteria huitumia oksijeni kwa haraka kuliko mto uwezavyo kuirudisha. Hapo ndipo samaki huonekana juu ya maji wakitweta.

Mchukuzi wa usiku

Katika sehemu ya Mara iliyo upande wa Kenya, pamoja na vijito vyake, wamehesabiwa viboko zaidi ya 4,000. Kila jioni jua likizama, kiboko hutoka majini na kwenda kulisha mbugani, na kufikia alfajiri huwa amekwisha kula majani yapatayo kilo 40. Mchana kutwa hukaa majini akipumzika, na humo ndimo huacha sehemu kubwa ya kinyesi chake. Kwa hiyo kila siku ya Mungu nyasi za nchi kavu huhamishwa kuingia mtoni, bila gari wala mtumbwi. Watafiti Amanda Subalusky na Christopher Dutton, wakiwa na wenzao, walikadiria mwaka 2015 kwamba viboko wa Mara huingiza mtoni zaidi ya tani 36 za kinyesi kibichi kwa siku. Kikikaushwa hupata tani 8 na nusu.

Mzigo huo una faida zake, na yafaa tuanze na faida. Nyasi zina silika, yaani madini yaleyale yanayofanya kioo. Kiboko huzisaga na kuzipitisha tumboni, na kwa njia hiyo, kama ulivyoonyesha uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, silikoni ipatayo kilo 400 huingia mtoni kila siku kwa kazi ya viboko. Silikoni hiyo huhitajiwa na diatomu, vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujifunika maganda ya kioo na ambavyo ni chakula cha viumbe wengi wa mtoni na ziwani. Mtu alaye samaki ziwani hadhani kwamba ana deni kwa kiboko wa Talek, lakini huenda analo.

Basi na hasara ije. Wakati wa kiangazi, mto unapopungua, viboko hukusanyika katika vilindi vichache. Kinyesi hutuama chini kikawa tabaka nene. Maji ya juu hubaki na hewa kidogo, ila ya chini huishiwa kabisa, na bakteria wa huko, kwa kukosa oksijeni, hufuata njia nyingine za kuishi: huzalisha amonia, methani, na ile gesi ya salfaidi ya hidrojeni inukayo kama yai viza. Maji hugeuka kuwa meusi. Ilikuwa vigumu kuyapima, maana kiboko si mnyama wa kuingiliwa nyumbani kwake. Ilibidi watafiti watumie mashua ndogo isiyo na mtu, inayoongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka ukingoni.

Sasa mvua kubwa inyeshe mahali fulani juu. Furiko hufika kwenye kilindi, hukikoroga mpaka chini, na kuyasukuma yale maji meusi yote kwa pamoja kuelekea bonde la chini. Katika muda wa miaka 3, vipimo vilivyowekwa mtoni viliandika mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni. Kati ya hayo 13 yaliishusha hadi kiwango cha kuwanyima samaki pumzi. Na katika muda wa miaka 5 watafiti walishuhudia samaki wakifa kwa wingi mara 9. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Mizoga huliwa upesi na makorongo wa marabu, tai na mamba, na mto hurudi katika hali yake ya kawaida. Mtu akipita baada ya siku chache hataona dalili kwamba pametokea msiba.

Lipo jambo moja hapa linalostahili kufikiriwa kwa utulivu. Tumezoea kusema kwamba mto ulio salama ni ule wenye maji maangavu, na kwamba samaki waliokufa ni ushahidi wa mkono wa binadamu. Lakini viboko walikuwa wengi katika mito ya Afrika kabla ya bunduki na mashamba kuwapunguza. Watafiti wale wanaona kwamba huenda matukio kama ya Mara yalikuwa ya kawaida katika mito mingi zamani. Yaani huenda maji maangavu tuyasifuyo katika mito mingine ni maangavu kwa sababu wanyama wake wamekwisha. Mwandishi anakiri kwamba wazo hilo lilimchukua muda kulikubali.

Nyumbu wafao maji

Kiboko huleta chakula kidogo kidogo kila siku. Nyumbu huleta kwa mkupuo. Katika kuhama kwao kati ya Serengeti na Maasai Mara, makundi yao huvuka mto mara nyingi, na wengi hufa kwa kukanyagana na kusongamana kwenye kingo zenye mwinuko mkali. Hesabu za miaka ya 2001 hadi 2015 zilitoa wastani wa mizoga 6,250 kwa mwaka, yenye uzito wa tani 1,100 hivi. Nyama huoza kwa muda wa wiki 2 hadi 10. Mifupa hukaa miaka 7, ikiota utando wa viumbe wadogo ambao samaki huula polepole. Wakati mizoga ipo, nyama ya nyumbu huwa kati ya asilimia 34 na 50 ya chakula cha samaki waliochunguzwa. Kwa hiyo mto huu hulishwa na mbuga, kwa majani na kwa nyama, na samaki wake wengi wasingekuwapo kama mbuga ingekuwa tupu.

Kiboko yuleyule, maji machache

Ili kuona ni wapi neema hugeuka kuwa balaa, inatubidi tuuache Mara kwa kitambo na kwenda kusini, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu maji mengi huchukuliwa katika bonde la Usangu kwa kilimo cha mpunga. Viboko hawakuwa na pa kwenda. Wakajikusanya katika vidimbwi vilivyobaki. Keenan Stears na wenzake, ambao walichapisha uchunguzi wao mwaka 2018, walilinganisha vidimbwi vyenye viboko wengi na vile vyenye wachache. Mto ulipokuwa ukitiririka, tofauti zilikuwa ndogo. Mkondo uliposimama, vidimbwi vya viboko wengi viliishiwa oksijeni, na aina za samaki na wadudu wa majini zikapungua sana. Mvua ziliporudi na mkondo ukaanza tena, vidimbwi vilianza kupona.

Kiboko wa Ruaha hakubadilika tabia. Kilichobadilika ni maji, na aliyeyabadili yuko mbali, upande wa juu, akimwagilia shamba lake na pengine bila kujua kwamba kuna kiboko. Kwa Mara, ambako mahitaji ya maji huko juu yanaongezeka, na ambako ukataji wa misitu ya Mau umeongeza udongo unaoteremka na maji, mfano huu si wa mbali.

Mashahidi wakaao chini ya mawe

Tumesema juu ya wanyama wanaoyageuza maji. Wapo pia wanyama wanaoyapima, na hao ni wadogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha.

Ukiinua jiwe katika kijito safi chenye mkondo wa kasi, chini yake utaona wadudu wabapa wakikimbilia kivulini. Mmoja ana mikia mitatu myembamba na matamvua ya kupumulia ubavuni mwa tumbo. Huyo ni tunutu wa mdudu ambaye, akiisha kupata mabawa, huishi siku moja au mbili tu, na wataalamu huita jamii yake Efemeroptera. Mwingine ana mikia miwili na makucha imara. Wa tatu hujijengea nyumba ya chembe za mchanga au vipande vya majani, akaibeba kila aendako. Wadudu wa namna hii wengi hawavumilii uhaba wa oksijeni, na hawapendi udongo unaoziba nafasi baina ya mawe. Katika maji mabaya nafasi yao huchukuliwa na minyoo, ruba, na mabuu wekundu wa visubi visivyouma. Wekundu wa mabuu hao una sababu yake: damu yao ina hemoglobini, kama yetu, nayo huwawezesha kunasa hata ile oksijeni kidogo iliyobaki.

Kwa kutumia tofauti hizo, wataalamu hutoa alama kwa kila jamii ya mdudu, kuanzia 1 kwa wavumilivu kabisa mpaka 15 kwa wale wateule wasiostahimili uchafu. Hukoroga mawe, mimea na tope, huwakinga wadudu kwa wavu, huwatambua palepale ukingoni, kisha hukokotoa wastani wa alama. Afrika Kusini imeutumia utaratibu huo kwa muda mrefu, na Tanzania ina wake, uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti wakiongozwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vifaa vinavyohitajiwa ni wavu, sinia jeupe na macho yaliyofundishwa. Chupa ya maji hueleza hali ya mto katika dakika ile ilipochotwa. Mdudu aliyekaa chini ya jiwe kwa miezi kadhaa hueleza yote aliyoyapitia humo.

Hata hivyo, shahidi huyu naye ana kasoro zake. Karibu na kilindi cha viboko, wadudu wateule huwa wachache hata pale ambapo binadamu hakutia mkono. Mpimaji asiyejua hayo angeweza kuihukumu hifadhi kama jaa la taka. Kwa hiyo alama za mto wenye wanyama wakubwa hapana budi zilinganishwe na za mto mwingine wenye wanyama wakubwa, wala zisilinganishwe na za kijito cha mlimani.

Tukirudi Kirumi

Ng'ombe na kiboko wana mfanano mkubwa: wote wawili hula majani na kuyashusha kama kinyesi penye maji. Ng'ombe hakai majini siku nzima, lakini ng'ombe ni wengi mno kuliko viboko, na kinyesi kilichokauka bondeni wakati wa kiangazi husombwa na mvua ya kwanza. Kinamasi cha mafunjo nacho kina mabaki yake yanayooza chini ya kivuli, mahali ambapo hewa ni kidogo. Kwa hiyo maelezo ya kamati ya mwaka 2022 hayapingani na sayansi. Jambo la namna hiyo laweza kutokea. Ila kusema kwamba laweza kutokea si sawa na kuthibitisha kwamba ndilo lililotokea. Ili kuthibitisha, hapana budi pawe na vipimo vya oksijeni vya kabla ya tukio, vya wakati wenyewe na vya baadaye, vilivyochukuliwa mfululizo, usiku na mchana, kama vile vya hifadhini. Mahali pasipo na vipimo vya namna hiyo, kila mtu atabaki na mtuhumiwa wake.

Tena kuna jambo ambalo mabishano ya wakati ule yaliliweka kando. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kukamatia chembe za madini. Zebaki ikifika majini hugeuzwa na bakteria kuwa ya namna ambayo huingia katika miili ya viumbe, na huongezeka kila mmoja anapoliwa na mwingine, mpaka kwa samaki wakubwa walao samaki wenzao, na mwisho kwa mtu. Samaki wa namna hiyo hafi wala haelei. Huuzwa sokoni akiwa mzima, ananona. Mto waweza kuwa na samaki waliokufa bila sumu yoyote, na waweza kuwa na sumu bila samaki hata mmoja aliyekufa. Kwa hiyo idadi ya mizoga haitoshi kuwa kipimo kwa upande wowote.

Mvuvi aliye mtoni siku ya tukio huona mengi ambayo kamati haitayakuta. Samaki wakifa kwa kukosa hewa, kwa kawaida huanza kwa kutweta juu ya maji, mara nyingi karibu na mapambazuko, kwa sababu usiku kucha mimea ya majini nayo hutumia oksijeni bila kuizalisha. Na jambo hilo hufuata mvua au furiko. Kambare na kamongo, ambao huweza kuvuta hewa ya juu, huelekea kusalimika. Ningu hawana uwezo huo, na balaa yao ni kwamba hupanda mto kwenda kutaga wakati uleule wa mafuriko. Kabila hili la samaki, lililokuwa mashuhuri katika mito iingiayo Ziwa Victoria, lilikwisha kupungua vibaya katikati ya karne ya 20 kwa kutegewa nyavu kwenye midomo ya mito. Sumu kali haina haja ya kungoja alfajiri wala furiko. Ikiwa kambare nao wamekufa, na wadudu na kaa wa mtoni pia, wakati maji hayakupanda, basi dhana ya kukosa hewa hudhoofika na hapana budi kutafuta jambo jingine.

Tangu mwaka 2012 Kenya na Tanzania zimekuwa zikiadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba. Kama wenyeji wa kingo zote mbili wangepewa wavu, sinia na kipimo cha oksijeni, na daftari la kuandikia saa, rangi ya maji, kimo cha mto na aina za samaki waliokufa na waliosalimika, daftari hilo lingekuwa limekwisha kujaa kurasa nyingi siku maji ya Kirumi yatakapogeuka kuwa meusi tena.